Kinga na Kinga

Nilifika Februari kwa farasi wa kuazima,
mkoba wa ngozi begani, chupa ya wino ndani ya shati
isigande kwa baridi.
Kazi yangu ilikuwa kupima makazi ya watu kwa nyayo zangu:
mlango wa jikoni hadi ghala la nyasi, hatua arobaini na mbili;
ghala hadi banda la kondoo, kumi na tisa.
Karibu mno, nikaandika.
Moto una miguu mirefu kuliko mpimaji.

Zerviah Tuthill, mjane, vilima vya Vermont,
alinifuata nyumanyuma na taa isiyowashwa.
Dohani ngapi? Mbili.
Matofali au mawe? Mawe, aliyapanga marehemu.
Bomba la jiko la chuma linapenya wapi?
Akaonyesha. Nikaweka kiganja ubaoni:
lilichemka kama shavu la mtoto mwenye homa.
Na majivu, mama, mnayatia katika chombo gani?
Akakawia.
Pipa.
La mti?
La mti.

"Na ule mti wa utomvu mtamu, pale kisimani?
Asahel aliupanda mwaka tuliooana."
Miti haikatiwi bima, nikamwambia.
Majengo tu, tena si kwa thamani yote: theluthi mbili.
Theluthi moja humbakia mwenyewe
ili asilale usingizi mzito.
Akatia saini hati ya dola arobaini
aliyoomba isije ikadaiwa,
akatoa taslimu dola mbili,
moja yake sarafu za shaba zinazonuka siagi.

Kampuni yetu haikuwa na jumba wala kasha la chuma.
Ilikuwa wakulima mia tatu na kumi na mmoja,
wagomvi wa mipaka, wagomvi wa ubatizo,
wagomvi wa ng'ombe aliyelala katika shayiri ya jirani,
waliokubaliana jambo moja:
moto haubishi hodi.
Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, ni kweli,
lakini neno hilo lina mgongo wake,
na sisi tulikuwa tumeupanda mgongo.

Ukaja Machi wa mwaka wa pili, kabla ya alfajiri.
Ndoo zilikuwepo. Kisima kilikuwepo,
na juu yake barafu nene kama Biblia.
Nilimkuta amesimama thelujini na saa ya ukutani mikononi,
bado inagonga,
na nyuma yake dohani mbili, za mawe, wima,
zikingoja nyumba.

Nikapanda farasi tena, safari hii na orodha.
Kila mwanachama dola moja, senti sabini na mbili.
Shemasi Philo Wadhams alijificha zizini;
niliona buti zake chini ya tumbo la ng'ombe,
nikasubiri, ng'ombe akaondoka.
Jotham Spofford, asiyemsalimu Zerviah tangu kesi ya uzio,
alihesabu zake kizingitini bila kuulizwa.
"Simlipi yule," akasema. "Naulipa moto,
usijifunze njia ya kuja kwangu."

Nyumba mpya ilisimama Juni, ndogo, ikinuka msonobari.
Mti wa kisimani uliungua upande mmoja,
na masika yaliyofuata ulitoa utomvu kwa upande uliobaki,
ndoo moja na nusu.
Sikuwa na mstari wa kuandika hilo.

Usiku wa siku niliyofunga hesabu nilikaa na Keziah wangu,
miguu ikielekea jikoni, fomu tupu magotini,
nikamuuliza kwa mzaha, kwa sauti ile ya kazi:
Na majivu, mama, mnayatia katika chombo gani?
Hakuinua macho kutoka kwenye soksi.
"Katika pipa," akasema.
"Lile uliloleta wewe."