Majina Manne ya Ndahani

Kwenye daftari la mizani anaitwa Ndahani Chiloloma.
Kwenye mfumo wa malipo, N. Chiroroma:
karani wa zamu ile aliandika alivyosikia.
Kwa watu wa pembejeo ni Chiloloma Ndahan, jinsia KE.
Ghala la Kibaigwa linamjua kwa namba tu,
namba iliyopungukiwa sifuri moja.

Wanaume wanne basi, mmoja wao mwanamke,
wote wa Hombolo, wote wenye mtama uleule,
gunia thelathini na mbili,
na hakuna hata mmoja aliyelipwa.

Nilikuwa nikiyachora haya ukutani,
Njedengwa, ghorofa ya tatu,
jengo jipya la shirika, bado linanuka rangi.
Nilianza na chaki, nikamalizia na uzi wa fundi cherehani:
mwekundu kwa mifumo inayosomana,
mweusi kwa ile inayosalimiana kupitia flashi ya Sechelela
na miguu yake, ngazi tatu kwenda, tatu kurudi.
Mweusi uliisha kwanza.
Nikashuka soko la Majengo kununua mwingine.

Nikawaambia bodi: huu ndio usanifu wetu.
Mwenyekiti akauliza, unazaa shilingi ngapi?
Swali halali. Nilikunywa maji.

Mwaka ule tulifuta tu.
Mifumo kumi na tisa ikawa kumi na mmoja,
na hakuna anayekata utepe kwa kilichofutwa.
Mwaka uliofuata tuligombana.
Miezi minne juu ya neno moja, mkulima:
ni wa nani, wa mizani au wa fedha?
Na mjane anayevuna shamba la marehemu,
tumwandike nani?
Siku ya uamuzi umeme ulikatika,
tukakubaliana gizani kwamba naye ni mkulima.
Hilo nalo nikalifunga uzi.

Waliopanda zabibu Mpunguzi wanaujua muda huu:
unasimika nguzo, unavuta waya,
unakata tawi zima lenye afya
na jirani anasimama barabarani akicheka.

Akaja mkaguzi na kipimo chake cha ukomavu,
daraja tano. Akatupa la tatu.
"Tatu kwa tano," Sechelela akauliza, "tumefaulu?"
Amenenepa kidogo siku hizi. Hapandi tena ngazi.

Mwenyekiti, jedwali lako nimelijaza nilivyoweza.
Ila halina safu ya mambo ambayo hayakutokea:
mfumo wa tano wa mizani tusioununua,
gunia ambalo halikuhesabiwa mara mbili,
nauli ya Hombolo iliyobaki mfukoni
ikawa sukari, au daftari la mjukuu,
sijui, hatuna mfumo wa hayo.

Mwezi wa saba alikuja mwenyewe.
Mbukwa, akasema, akafungua mfuko wa nailoni,
akapanga karatasi nne dirishani
kama mtu anayetoa ushahidi.
Binti wa kaunta aliandika jina mara moja.
Dakika sita. Simu ikalia ndani ya koti.
Akaisoma kwa mbali, akaisoma kwa karibu,
akazikusanya karatasi zake zote,
na bado akasimama palepale.

"Sasa nirudi lini?"

Binti akaangalia skrini,
akaniangalia mimi.
Kwa swali hilo hatukuwa tumeandaa jibu.