Gari Limegoma

Mimi fundi baiskeli, Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani.
Tairi likitoboka silitukani.
Natoa mpira, naujaza upepo,
nauzamisha kwenye beseni la maji machafu,
nangoja. Povu likipanda, kidole changu kiko pale.
Msasa, gundi, kiraka. Mia tano. Nenda.

Tundu nililotoboa mimi
silioni hata kwa beseni.

Ilikuwa Jumanne, mvua, wateja hakuna,
na bando la ofa linakufa saa sita usiku.
Nikamwona kwenye kioo Mwanakheri wa Makorora,
kashika mwiko wa matundu, shira inachuruzika,
anaitangaza biashara yake kwa mara ya kwanza:
ka— ka— karibuni, kuna ka— ka—
neno likamkwama kooni kama kokwa,
macho kayafumba, kidevu kinatikisika,
kisha likatoka, zima, kalimati!
na mwenyewe akacheka.
Alicheka. Hapo mimi sikupatazama.

Nikaandika: Gari limegoma, jamani, sukumeni.
Maneno manne. Jina langu sikuliweka;
kule naitwa Simba wa Pongwe,
na Pongwe sijalala hata usiku mmoja.

Kufika alfajiri, vicheko mia tatu na kumi na viwili.
Nisiseme uongo, nilivihesabu,
mswaki mdomoni.

Mama yangu naye alikuwa na ulimi.
Alipokosana na Bi Mwanauzo wa nyumba ya pili
alikwenda dukani, akachagua kanga yenye jina kali,
akailipia, akaipinda, akajitanda,
akapita mlangoni pa mwenziwe saa nane ya jua,
mara tatu, polepole, herufi zisomeke.
Tusi lake lilikuwa na bei. Lilikuwa na miguu.
Lilikuwa na mgongo unaoweza kuurushia kopo,
na kopo lilirushwa.
Na baba alipokufa, Bi Mwanauzo huyo huyo
ndiye aliyemshika mama kichwa.

Mimi nani angenirushia kopo?

Wenye pikipiki wakifika kibandani pake
wanazima injini, wanawasha,
wanazima, wanawasha,
wanatazamana.
Wiki ya tatu Mwanakheri akakata boksi la biskuti,
akaandika kwa makaa:
SAHANI MIA TANO. USINIULIZE.
Tangu hapo hainui mdomo, anainua boksi.

Nimeyafuta. Kidole kimoja, punje ya dakika.
Lakini jana mtoto wa miaka sita
kaniletea baiskeli ya babake, mnyororo umekatika,
akasema, Fundi, gari limegoma, sukumeni,
akacheka kwa pengo lake la mbele.
Hajui limetoka wapi.
Nikainama kutafuta spana
iliyokuwa mkononi mwangu.

Chuoni tulifundishwa kalima ni neno.
Nami kwa utoto nikidhani kalimati
ni maneno mengi, yamekaangwa,
yakachovywa kwenye shira
ili yasimkwaruze mtu akiyameza.

Leo baada ya alasiri nimekwenda.
Grisi nimeitoa kwa mchanga, kucha nimezikwangua.
Njiani nimelipanga: ni mimi, nisamehe, ni mimi.
Mbele yangu watu wawili, nyuma yangu watatu.
Ikafika zamu yangu. Akainua boksi.
Nikalisoma kama mtu asiyejua kusoma.
Nikafungua mdomo:

Mi— mi— mimi ndi—

Nyuma yangu mtu akaguna kwa kicheko.
Mwanakheri akanitazama,
akatazama mdomo wangu ulivyokuwa wazi,
akanirudishia noti yangu, imekunjwa mara mbili,
na sahani akaifunika.