Mumiani Wasio na Njaa

Shaame alitundika shuka la mamake
kwenye ukumbi wa skuli, pale Wete, penye bati linalovuja,
akatwambia: kaeni kwa utulivu, hii si ya kupigana,
hii ni sinema ya kisanii.
Tukakaa kwa utulivu
saa mbili na dakika kumi na moja.

Mume mumiani, mke mumiani,
weupe kama muhogo uliosahauliwa juani.
Jumba zima mapazia,
na mvua, mvua isiyojaza hata ndoo.
Yeye anatazama dirisha.
Yeye anamtazama yeye akitazama dirisha.
Nilitoka kwenda msalani, nikarudi,
nikamuuliza Bi Tatu Faki: nimepitwa na nini?
Akasema: kageuza shingo.

Wana miaka mia nne, wamechoshwa na dunia.
Miaka mia nne! Na hawajahudhuria hitima ya mtu,
hawajampelekea jirani hata kipande cha mkate wa kumimina.
Kioo hakiwaoni, sawa, ndiyo mila yao,
basi nani kamchana yule mwanamke nywele?
Na yale mashuka, damu kila usiku,
nani anayafua? Nilikaa nikimsubiri dobi.
Dobi hakuja.
Dobi ndiye ningempenda.

Tulipokuwa wadogo, mumiani alikuwa na kazi.
Alipita na gari lisilo taa, ndoo mkononi,
hakuwa na wasaa wa kuhuzunika.
Bibi akisema, jua limekuchwa, ndani!
nasi mbio, kandambili moja tumeiacha njiani.
Hofu ile ilikuwa na miguu.
Hawa wa Shaame wanakunywa kwa bilauri nyembamba,
wanafumba macho, wanashusha pumzi,
kama watoto waliopewa dawa ya kikohozi.

Mimi damu naijua kwa namba
na kwa tarehe ya kuharibika.
Mwaka wa kumi na tisa huu nalilinda lile friji la hospitali.
Wiki ile ile, saa tisa za usiku,
mfuko ulikuwa mmoja, tena si wa kundi lake,
na mzazi kitandani anazidi kupauka.
Nikampigia Kombo Ussi,
ambaye na shemegi yake huyo
hawajasalimiana tangu kesi ya mpaka.
Alikuja fulana kaivaa kinyume.
Nikampima, akafaa, akanyoosha mkono,
uso kaugeuzia ukutani
maana sindano anaiogopa kuliko kaburi.
Hakusema kitu.
Mfuko ulipojaa akauliza: chai ipo?
Nikamtilia sukari vijiko vinne.
Dakika kumi na mbili, Shaame mwanangu,
na hapakuwa na mpiga kinanda.

Taa zilipowashwa alinijia, macho yanang'aa:
Shangazi, umeionaje?
"Nzuri" ilikuwa tayari ncha ya ulimi.
Nikasema: imenichosha.
Akainama, akawa anakunja waya uliokwisha kunjwa.
Nikaliona shuka, limetobolewa misumari pembe zote nne,
wifi atamla mzima,
nikaona nimpe haki yake:
pale mwanamke alipoosha kikombe kimoja,
akakifuta, akakirudisha palepale kilipokuwa,
hapo nilishtuka. Hapo nilimwamini.
Akauliza, hapo tu?
Hapo tu.

Usiku sikupata usingizi.
Kwenye mkungu wa jirani
popo alikuwa anakula kungu,
anatafuna, anaangusha kokwa juu ya bati langu, ko!
anachuma nyingine,
hana haya, hana huzuni,
mpaka mwadhini akamkatiza.