Mzinga wa Mkomani

Athmani Shekuwe aliuleta ndani ya gunia la unga,
akautua bechini kwangu, kati ya sufuria mbili za arusi
na birika lililopoteza mdomo.
"Wa babu," alisema. "Ulikuwa wa beni. Wa Mkomani."
Akanyamaza kidogo, maana hapa ni Langoni.

Skrubu kumi. Tisa zilikubali, ya kumi ikagoma;
nikaipa mafuta ya taa na usiku kucha.
Asubuhi nikavua pete, nikavua ngozi
iliyokauka kama chapati ya juzi,
mzinga ukabaki uchi: shaba ya manjano,
kutu ya kijani penye mshono,
na ubavuni, upana wa kiganja, mahali palipolegea.
Ukipabonyeza panaingia, tok.
Ukipaacha panatoka, tok,
kama kifuniko cha kopo la maziwa.

"Wazee wetu husema," Athmani aliuambia mlango, si mimi,
"siku tatu kabla ya mashindano ngoma ilianguka kutoka darini.
Ikapelekwa kwa fundi wa Langoni, mwingine hakuwepo.
Ikarudi imenyooka, sauti haina.
Husema alifanya kusudi."

Fundi wa Langoni alikuwa baba.
Alilijua hilo. Nami nilijua kwamba analijua.
Nikamwambia arudi Jumatano.

Baba alinifunza kwa sufuria za watu.
Usipige katikati, mwanangu, katikati ndipo panapouma.
Zunguka. Anza ukingoni, pale bati lilipojikunja mwisho,
kibonyeo kitoke kwa mlango kilioingilia.
Mkono mmoja nyundo ya mti wa mkwaju,
mkono wa pili, kwa ndani, pistoni ya injini iliyokufa,
ambayo aliiita mjibu:
nyundo ikiuliza, yenyewe hujibu,
na ukisikia jibu butu, umekosea swali.
Nilipokosea hakunichapa. Alitoka nje,
akasimama uchochoroni mpaka kikohozi kimwishe.
Sikujua kwa nini sufuria ya watu imuume hivyo.

Jumapili usiku nikatia tochi ndani ya mzinga.
Alama za nyundo huwa kama mwandiko,
na mwandiko huu ulilalia kushoto. Mashoto wa mtaa alikuwa mmoja.
Pigo la kwanza: katikati kabisa, zito,
la kijana mwenye haraka na sifa.
La pili karibu yake. La tatu limekwisha kuogopa.
Kisha madogo, na madogo zaidi, yakizunguka, yakirudi,
mpaka yakawa kama kifaranga anadonoa chenga.
Nilihesabu arubaini na matatu.

Mtu anayeharibu kwa kusudi
hupiga mara moja, akaenda kulala.

Alikuwa na miaka kumi na tisa. Shaba ikitanuka hairudi kwa kubembelezwa,
na yeye alibembeleza usiku mzima.
Ile sheria yake, kumbe, hakuirithi kwa mtu.
Aliinunua humu.

Nikawasha seredani. Nikapasha moto doa la ukubwa wa shilingi
mpaka likaiva wekundu wa tende,
nikaligonga pembeni, pembeni tu, mjibu akijibu,
kisha kitambaa cha maji: chaaa. Bati likanywea kidogo.
Doa jingine. Siku mbili, madoa kumi na moja,
na kidole gumba kilichoungua.
"Fumba mato, gusa," angesema. Nikafumba. Nikagusa.
Nje nikasugua kwa ukwaju na jivu mpaka ikacheka.
Ndani sikusugua.

Jumatano Athmani alibonyeza kwa dole gumba.
Akabonyeza tena. Kimya.
Nikampa tochi, nikamwambia, hesabu.
Akaingiza kichwa mzingani, akahesabu kwa sauti,
na shaba ikamrudishia kila namba, nene kuliko alivyoitoa.
Alipofika thelathini na kitu aliacha kuhesabu,
lakini kichwa hakukitoa.