Kinyume na Yoshua

Joho la kukodi nililirudisha Jumatatu
lingali na harufu ya pilau na jasho la Ijumaa.
Bwana wa duka akalikagua pindo kwa pindo
akitafuta doa la kunitoza faini.
Simu ikalia hapo hapo, kauntani.

Ni mwalimu Otsieno, yule wa somo la hiari
nililolichukua kwa kuwa lilikuwa la saa saba
na mimi saa saba sikuwa na pa kula.
Akasema: aliyekuwa aende amevunjika kifundo cha mguu.
Akasema: nakumbuka ulivyochora vigae.
Akasema: Yordani. Miezi mitatu. Ndege ni Alhamisi.
Una pasi?

Pasi ninayo. Niliichukua mwaka jana
kwa ajili ya wakala mmoja wa River Road
aliyeniahidi kazi ya kufua na kulea, Ghuba,
kisha akahama ofisi pamoja na ada yangu.
Ilikuwa chini ya godoro, haina muhuri hata mmoja,
safi kama daftari la mtoto siku ya kwanza.

Nyumbani Jericho, baba alikuwa akiosha miguu.
Miaka thelathini na moja amechimba mitaro ya maji ya jiji hili;
udongo mweusi wa Nairobi umemkaa kwenye kucha
kama wino wa kura.
Nikamwambia.
Akanyamaza mpaka maji ya karai yakapoa.
"Mbithe, nimekusomesha ili usishike sururu.
Sasa unapanda ndege kwenda kuchimba?"

Si sururu, baba, ni mwiko na brashi.
"Brashi. Ya viatu?"
Ni taratibu, sentimita kwa sentimita.
Akacheka, kile kicheko chake cha puani:
"Msimamizi wangu angewafuta kazi nyote kabla ya chai."

Mama Nafuna, asiyepitwa na neno, akadakia dirishani:
wana wa Israeli walivuka Yordani waingie Yeriko,
na huyu anatoka Jericho kwenda Yordani,
"anamrudisha Yoshua alikotoka!"
Kuta zetu za kaunti bado zimesimama,
ingawa tarumbeta siku hizi huja kwa barua.

Usiku, stima ikiwa imepotea, baba akavuta uvunguni
mkebe wa kakao, akaumimina juu ya gazeti.
Nikamulika kwa simu:
msumari wa reli, mnene kama kidole gumba;
kifungo cha shaba; gololi ya kijani;
nusu ya kiko; jino, la mbwa labda;
shingo ya chupa ya soda isiyotengenezwa tena.
Nimelala juu ya mkebe huu tangu darasa la tatu
wala sikuujua.

Hiki kifungo?
"Futi nne. Barabara ya Kirinyaga, mbele ya duka la spea,
mwaka ule wa mvua ya El Nino."
Na gololi?
"Shauri Moyo. Futi mbili na nusu,
chini ya kifusi, juu ya udongo mwekundu.
Kuna mtoto alilia hapo."
Mtaa, kina, rangi ya udongo,
na hajaandika popote.
Mwalimu Otsieno alitufundisha jambo hili wiki sita
tukalielewa watu watatu.

Nikatoa daftari, nikaandika mpaka chaji ikakaribia kwisha.
Likabaki jino.
"Hilo sikumbuki," akasema,
akaona haya, kama aliyepoteza pesa za watu.
Nikaandika: Jino. Mahali hapajulikani.

Alhamisi alfajiri akanibebea begi hadi kituoni,
akanionyesha, kando ya barabara, namna ya kuchutama:
uzito ukae visiginoni, mgongo usikulaumu jioni.
Waendao kazini wakatukwepa,
baba na binti, chini, mikono mitupu.
"Ukigusa bomba, simama. Ita mtu."
Kule hakuna mabomba, baba. Ni miaka elfu mbili.
"Watu walikuwa na kiu," akasema.
"Lipo."