Tiketi Nambari Arobaini na Moja

Saa nne usiku, Soroti. Umeme umekwenda,
ukarudi, ukaenda tena, kama mgeni aliyesahau kofia.
Betri inasoma asilimia thelathini na nne.
Mbele yangu dirisha jeusi, kishale kinapepesa,
kinanisubiri niseme.

Hapa hakuna picha za kubofya, hakuna vitufe vya rangi.
Neno ni neno. Ukikosea nukta
huambiwi pole, huambiwi labda ulimaanisha.
Unaambiwa: amri haijulikani.
Nimezoea. Nililelewa na mtu wa namna hiyo.

Baba alikuwa mtu wa redio kambini.
Kiswahili chetu cha nyumbani kilitoka huko,
kifupi, kimenyooka, kimepigwa pasi.
Taja jina. Taja ulipo. Sema shida.
Nyamaza usikilize.
Hata dukani alitutuma kwa mtindo huohuo,
na ukirudi na chumvi badala ya sukari,
si wewe uliyekosea, alisema;
ujumbe ndio haukufika.

Nikaandika: unganisha.
Ikauliza: wapi?
Nikataja anwani ya dawati la msaada, lile la Kampala,
ambako malalamiko ya pampu zetu zote
hulala katika mafaili yasiyo na karatasi.
Ikauliza: wewe nani?
Nikabandika ufunguo, herufi arobaini zisizotamkika,
alizonitumia Birungi wa makao makuu
akiongeza: usimwonyeshe mtu, hata mume.
(Sina mume. Nina mkataba wa miezi sita.)

Mia nne na moja. Huna ruhusa.

Nikarudia. Mia nne na moja.
Mara ya tatu nikaiona:
nafasi moja tupu mwishoni mwa ufunguo,
hewa tu, imenakiliwa pamoja na herufi.
Hiyo ndiyo iliyonizuia mlangoni.
Nikaifuta. Nikabonyeza.
Na kimya kile, baba angekijua kimya kile,
cha baada ya kusema ova,
kabla upande wa pili haujakohoa.

Umeunganishwa.

Zikaanza kushuka, mstari juu ya mstari,
kasi kuliko macho yangu:
Gweri, mkono wa pampu umevunjika.
Asuret, maji yana kutu, shuka zimegeuka rangi ya chai.
Tubur, ng'ombe ameangusha uzio. Tumeujenga wenyewe. Lakini.
Katine, hakuna shida, tunawasalimu tu.

Na nambari arobaini na moja, Kamuda.
Mlalamikaji: Ikwaput Debora.
Machi: Pampu haitoi.
Aprili: Bado haitoi.
Mei: Mmesoma?
Juni hakuandika.
Julai: Nauliza tu kama huko kuna mtu.
Hali ya tiketi: imetatuliwa.
Imefungwa na: mfumo.
Sababu: siku thelathini bila jibu.

Bila jibu la nani?

Nilikaa. Nje jenereta ya baa ya jirani ilikuwa inakohoa,
mtu akacheka, chupa ikaanguka bila kuvunjika.
Miezi mitano mama huyu alitaja jina,
akataja alipo, akasema shida,
akanyamaza akasikiliza.
Alifanya yote.

Fungua arobaini na moja.
Una hakika? Ndiyo au hapana.
Ndiyo.
Andika maelezo. Sehemu hii isiachwe wazi.

Niliandika sentensi ndefu yenye "tunasikitika",
nikaifuta. Nyingine yenye "changamoto",
nikaifuta hiyo kwa hasira zaidi.
Asilimia kumi na moja.
Nikaandika: Kuna mtu. Naitwa Asekenye. Nimesoma leo,
nikaituma kwenye simu yake kabla sijaona aibu.

Emuron fundi huondoka alfajiri na pikipiki,
atataka kujua abebe nini.
Nikafungua sanduku la vipuri kwa tochi ya simu:
mipira ya valvu, mmoja.
Kamuda, basi.
Gweri nao wataniuliza Jumatano,
na itabidi niwajibu.