Daftari la Urmas

Kaka yangu Urmas alikufa mwezi wa pili,
theluji ya Tartu ikiwa imefika kwenye mikono ya baiskeli.
Aliacha viatu jozi tatu, paka mmoja kiziwi,
deni la umeme,
na michezo ya kompyuta mia mbili na kumi na nne,
yote kainunua, yote kailipia,
risiti zimepangwa mwaka kwa mwaka kama meno ya kitana.

Viatu nilimpa Tõnis wa ghorofa ya chini.
Paka alinichagua mwenyewe.
Deni nililipa dirishani, nikagongewa muhuri.
Michezo ndiyo iliyokataa kurithiwa.

Niliwaandikia wenye duka, nikaambatisha cheti cha kifo.
Jibu lilikuja siku ya tisa, na adabu zake:

*Pole kwa msiba.
Marehemu hakununua michezo.
Alinunua ruhusa ya kuicheza,
na ruhusa haihami kutoka mtu hadi mtu.
Akaunti itafungwa.
Je, tumekuhudumia vizuri? Chagua nyota, moja hadi tano.*

Nilikaa na zile nyota hadi chai ikapoa.
Kitufe kiliandikwa NUNUA. Nilikiona kwa macho yangu,
kijani, kinono kama tango.
Kumbe kununua kuna maana ya pili,
imelazwa aya ya arobaini na moja,
huko chini ambako jicho la mlipaji halishuki.
Mpangaji hujua ana mwenye nyumba.
Urmas alidhani yuko kwake.

Na ndani ya mchezo mmojawapo ana shamba.
Miaka sita kapanda shayiri, kajenga uzio,
na ng'ombe kampa jina la mama yetu, Leelo;
mama alicheka wiki nzima.
Yuko wapi sasa yule ng'ombe?
Amesimama ndani ya seva, nchi nisiyoijua,
chuchu zimejaa.

Nilishuka stoo kutafuta koleo la theluji.
Nyuma ya mitungi ya matango ya chumvi
nikakuta kompyuta yetu ya zamani, disketi tano,
na daftari la shule. Hesabu, darasa la saba.

Nikakumbuka.
Mwaka ule nyumbani hapakuwa na senti.
Ergo, rafiki yake, alikuwa na mchezo halali, boksi na kitabu chake,
na mchezo ulikuwa na bawabu:
kila ukiuwasha unakuuliza neno fulani,
mstari fulani, ukurasa fulani.
Huna kitabu, huingii.
Basi Urmas akakinakili kitabu kizima kwa mkono,
siku nne, penseli mbili, kurasa sitini na mbili
za lugha asiyoielewa,
herufi kwa herufi, kama mtu anayechora siafu mmoja mmoja.

Alipoanza kupata mshahara akaona haya.
"Utotoni niliiba," alisema, "sasa nalipa."
Akalipa. Mara mia mbili na kumi na nne.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Sikuwahi kuielewa methali hiyo hivi,
kwamba cha wizi ndicho kingebaki,
na cha halali kizimwe na mtu asiyetujua
kabla hata arobaini haijafika.

Jana usiku niliiwasha ile kompyuta.
Ilikohoa, ikanuka vumbi lililoungua.
Kioo cheusi. Kisha swali:
ukurasa wa kumi na saba, mstari wa nne, neno la tatu.

Nikafungua daftari.
Hapo alikosea, akafuta kwa mate na kidole,
karatasi ikatoboka,
akaliandika upya pembeni kwa wino, kwa hasira.
Nikaliandika vile vile alivyolisahihisha.

Mlango ukafunguka.
Muziki mwembamba, kama nyuki ndani ya kopo.
Paka hasikii, ila alikuja kukaa.

Zile nyota bado sijazijibu.